Zima Kwanza, Tengeneza Baadaye

Kompyuta ikigoma nyumbani, wengi wetu hukimbilia kuitengeneza. Tunaiwasha na kuizima, tunapakua programu hii na ile, tunakubali kila swali linalotokea kwenye skrini, na mwishowe mtu anatushauri Windows iwekwe upya. Mashine inapona. Picha za mazishi ya baba, daftari la chama na mtihani wa muhula uliotungwa usiku kucha vinakuwa vimekwenda. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: faili kwanza, mashine baadaye. Mashine iliyotumika utapata nyingine Kakamega mjini. Orodha ya michango ya miaka minne hakuna duka linaloiuza.

Nawaandikia hasa wanaoishi Isecheno na vijiji vya ukingoni mwa Msitu wa Kakamega: mwalimu, katibu wa kikundi cha akina mama, kijana anayewatembeza wageni msituni na mwenye folda nzima ya picha za ndege. Hapa thamani ya kumbukumbu inaeleweka kuliko sehemu nyingi. Tangu 1979 Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na wasaidizi Wakenya, amekuwa akiwafuatilia kima wa Isecheno: nani kamzaa nani, kundi gani limegawanyika, nani kahamia wapi. Kilichotokea juu ya mti mwaka ule hakitatokea tena. Kama hakikuandikwa, au kiliandikwa kisha kikapotea, hakuna wa kukirudisha. Faili za nyumbani kwako ziko hivyo hivyo.

Dakika za kwanza

Unapofuta faili kwenye diski ya kawaida, kompyuta haiiondoi pale ilipokaa. Inafuta jina lake tu kwenye orodha na kuhesabu nafasi ile kuwa tupu. Ni kama shamba lililofutwa kwenye sajili ya ardhi: mahindi bado yamesimama, mpaka mwingine aje alime juu yake. Na anayelima mara nyingi ni wewe mwenyewe. Kila picha unayopakua, kila ukurasa wa intaneti unaofungua, hata Windows inapojisasisha bila kukuambia, kuna kitu kinaandikwa mahali fulani kwenye diski, na mahali hapo panaweza kuwa pale pale ilipolala faili unayoilia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha. Ukihitaji kutafuta msaada kwenye YouTube, tumia simu.

Kabla ya kuamini kwamba imepotea, itafute. Faili nyingi zimehamishwa tu kwa kuburutwa bila kukusudia hadi folda ya jirani. Kama umeifuta sasa hivi, bonyeza Ctrl na Z pamoja. Fungua «Recycle Bin». Kwenye kisanduku cha kutafutia andika neno moja la jina lake, au andika *.docx uone hati zote za Word zilizoko. Angalia barua pepe ulikoituma mara ya mwisho. Muulize mweka hazina kama bado anayo kwenye WhatsApp, maana daftari la chama mara nyingi limelala salama kwenye simu ya mtu mwingine. Kama ulikuwa ukihifadhi mtandaoni, pipa la Google Drive hukaa na faili siku 30, OneDrive ya mtu binafsi vile vile siku 30, na Google Photos siku 60 kwa picha zilizokuwa zimepakiwa. Siku hizo zinahesabiwa tangu ulipofuta, kwa hiyo nenda leo.

Ikikosekana kote huko, ndipo programu za kurejesha zinapoingia. Mbili za bure zinatosha kwa mtu wa nyumbani: Recuva, ambayo ni rahisi na inafanya kazi kwenye Windows, na PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo sura yake ni ya herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi lakini uwezo wake ni mkubwa zaidi. Sharti la zote mbili ni moja na halina msamaha. Usiiweke programu kwenye diski ile ile unayotaka kuiokoa, na usihifadhi kinachopatikana humo. Njia bora ni kuizima kompyuta, kuitoa diski, na kuiunganisha kwa kebo ya SATA yenye ncha ya USB kwenye kompyuta nyingine. Fundi yeyote mwenye vifaa vya kawaida ana kebo hiyo, na unaweza kumwomba kazi hiyo tu.

PhotoRec haijali orodha ya majina iliyofutwa. Inasoma diski toka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo: picha ina yake, hati ina yake. Ndiyo maana inafaulu pale nyingine zinaposhindwa, na ndiyo maana inakurudishia maelfu ya faili zenye majina ya herufi na namba zisizo na maana. Usikate tamaa ukiziona. Zipange kwa ukubwa kwanza, kwa sababu picha za kamera ni kubwa na takataka za kurasa za intaneti ni ndogo, kisha pitia zile kubwa.

Lazima niseme na lisilopendeza. Vipakatalishi vipya vingi vina diski ya SSD, na humo hadithi ya shamba haidumu. Windows ikishafuta faili huiarifu SSD kwamba nafasi ile haihitajiki, nayo SSD huanza kuisafisha yenyewe, pengine baada ya muda mfupi tu. Kilichofutwa humo na kutoka kwenye pipa mara nyingi hakirudi, hata kwa fundi mwenye vifaa vya bei. Diski za zamani zinazozunguka, flashi na kadi za kamera ndizo zenye matumaini.

Flashi iliyorudi kutoka saiba

Hili ndilo tatizo ninaloliona likiwasumbua watu wengi zaidi. Umekwenda saiba kuchapisha barua, umerudi nyumbani, umechomeka flashi, na folda zako zote zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo pembeni, kila kimoja kilobaiti moja au mbili. Ukikibofya, kirusi kinaingia kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo usibofye. Faili zako ziko humo humo. Kirusi kimezificha tu na kuweka vialama vya uongo mahali pake.

Kwanza iache programu ya kinga ya Windows iichunguze flashi. Kisha tazama herufi ambayo kompyuta imeipa, tuseme ni E. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, halafu andika hivi na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri mpaka mstari mpya utokee. Folda zitaonekana tena, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili kwenye kompyuta, hakikisha zinafunguka, ndipo uifomati flashi na kuanza upya.

Kuna ujumbe mwingine wa flashi unaoangusha wengi: kompyuta inasema diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Jibu ni hapana. Ujumbe huo una maana kwamba orodha ya majina imeharibika, na PhotoRec haihitaji orodha hiyo. Aliyekwisha kukubali kwa bahati mbaya asiongeze kosa la pili. Fomati ya haraka, ile ya «Quick Format», inaandika orodha mpya tupu na kuacha karibu kila kitu kilivyo. Fomati kamili, kuanzia Windows Vista, huandika sifuri juu ya diski nzima, na baada yake hakuna cha kutafuta.

Stima na radi

Msitu wa Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi huja alasiri pamoja na ngurumo. Hakuna ushauri wa bei nafuu kuliko huu: wingu likianza kujikusanya, chomoa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu pengo la swichi ni dogo mno kwa umeme wa radi. Chomoa plagi yenyewe, na waya wa antena au wa intaneti kama umeunganishwa. Ekstensheni yenye kinga husaidia stima inapopanda na kushuka, lakini haiwezi kuzuia radi iliyopiga karibu. Stima ikirudi baada ya kupotea, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka tena, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kishindo au hupotea tena papo hapo.

Na itapotea. Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, mashine nyingine zikaelemewa, na Kenya nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Wewe huwezi kulinda Gitaru, lakini unaweza kupanga ili stima ikikatika upoteze dakika mbili za kazi badala ya jioni nzima. Kwenye Word na Excel, nenda «File», kisha «Options», kisha «Save», utakuta programu imepangiwa kujihifadhia kila baada ya dakika 10. Weka 2. Mwenye kompyuta ya mezani, kama pesa zinaruhusu, anunue UPS ndogo, yaani betri ya akiba. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kipakatalishi chenye betri nzima hakiihitaji.

Kama giza lilikukuta hujahifadhi, usianze kuandika upya. Fungua Word, mara nyingi orodha ya hati zilizookolewa hujitokeza upande wa kushoto. Isipojitokeza, nenda «File», «Info», «Manage Document», kisha «Recover Unsaved Documents». Utakachopata kihifadhi hapo hapo kwa jina jipya. Hati inayokataa kufunguka kabisa baada ya kukatika kwa stima inayo njia nyingine: kwenye dirisha la kufungulia faili, ichague, bonyeza mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha «Open», na uchague «Open and Repair». Fanya hivyo kwa nakala yake, si kwa ile ya asili.

Mashine isiyowaka, na Windows isiyofunguka

Isipowaka kabisa, anza na lililo rahisi: tokeni za stima zimeisha? Soketi nyingine inafanya kazi? Chaja ina taa? Kipakatalishi kilichokufa ghafla mara nyingi kina chaji iliyokwama ndani. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha chaja na ujaribu. Kompyuta ya mezani inayopiga mlio bila kuonyesha picha mara nyingi inalalamikia RAM, na katika unyevu wetu miguu yake ya shaba hupata kutu nyembamba. Chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke, toa kadi ya RAM, isugue miguu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka ilie «taki» pande zote mbili.

Kuna kosa dogo linalowafanya watu waamini kwamba intaneti imekufa: kila tovuti inadai muunganisho si salama. Tazama saa na tarehe. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua hapa zimetumika miaka mingi ng'ambo, na betri yake ya ndani, ile bapa ya CR2032, imekwisha. Kila ukichomoa waya tarehe inarudi nyuma miaka, na kivinjari kinavikataa vyeti vya tovuti kwa sababu kinaona muda wake bado haujafika. Badilisha betri hiyo, weka tarehe sahihi, tatizo limekwisha.

Chai ikimwagika juu ya kipakatalishi, zima kwa kushikilia kitufe, chomoa, kipindue kiwe kama hema, usikiwashe tena kujaribu. Mchele hauvuti chai yenye sukari kutoka kwenye saketi. Kipeleke kifunguliwe na kusafishwa.

Windows inapokwama njiani, iache ijirekebishe: ukikatiza kuwaka kwake mara tatu mfululizo, itakufungulia ukurasa wa ukarabati wenye «Startup Repair», «System Restore» na «Safe Mode». Jaribu kwa mfuatano huo. «System Restore» inarudisha mipangilio ya tarehe ya nyuma bila kugusa hati zako. Mbele zaidi utaona «Reset this PC», na hapo simama. Hata ukichagua kubakiza faili zako, toa nakala kwanza.

Utatoaje nakala kwenye mashine isiyofunguka? Hili ndilo jambo ninalotamani kila nyumba ilijue. Omba mtu mwenye kompyuta nzima akutengenezee flashi ya Linux Mint kwa programu ya Rufus. Flashi ya GB 8 inatosha. Chomeka, washa, bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia (mara nyingi F12, F9 au Esc), na kompyuta itawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows. Itumie hivyo hivyo kutoka kwenye flashi, usichague kusakinisha. Utaona diski yako kama folda ya kawaida. Ingia «Users», kisha jina lako, na uburute kila kitu hadi kwenye diski ya nje. Nimeona sura za watu zikibadilika wanapoona picha zao zikifunguka kwenye mashine waliyokwisha kuililia.

Kompyuta ikikuomba ufunguo wa tarakimu 48, diski imefungwa na BitLocker. Vipakatalishi vingi vya Windows 11 hujifunga vyenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hujui. Ufunguo uko kwenye akaunti hiyo. Ingia kwa simu kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey. Bila huo, hakuna fundi wa kuifungua, na anayedai anaweza anakula pesa zako. Ingia leo mashine ikiwa nzima, uuandike kwenye karatasi.

Diski inayogonga kwa sauti, tak, tak, tak, ina ugonjwa wa chuma. Kila sekunde inayozunguka inazidi kujikwaruza. Zima, usijaribu programu yoyote, usiiweke kwenye friza hata kama mtu ameapa kwamba ilimsaidia. Kazi hiyo inahitaji maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Amua kama kilichomo kinastahili.

Faili zikibadilika majina mwishoni na karatasi ya kudai pesa ikatokea, chomoa intaneti na usilipe. Tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama, ina dawa za bure kwa baadhi ya virusi hivyo. Vingi vya majumbani huingia kupitia programu zilizovunjwa ufunguo, zile za kugawiana kwa flashi. LibreOffice ni ya bure kihalali, na inatosha kwa barua na hesabu za chama.

Ukiipeleka kwa fundi

Sema sentensi moja kabla ya kuiweka mezani: «Fundi, usiweke Windows upya kabla hujanipa nakala ya faili zangu.» Iandike pia kwenye kikaratasi, uibandike kwenye kifuniko, kwa sababu atakayeifungua huenda si yule uliyezungumza naye. Mpe diski ya nje tupu. Ondoka na namba ya kipakatalishi na ya diski ikiwa inaonekana. Usimwachie nywila ya barua pepe wala PIN ya M-Pesa. Hakuna ukarabati unaozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu taarifa za watu ulizopewa uzitunze, kwa hiyo katibu mwenye nakala za vitambulisho vya wanachama 30 ana wajibu kwao, si kwake peke yake. Ukirudi kuichukua, fungua faili tano tofauti hapo hapo kabla ya kulipa.

Nakala

Yote niliyoyasema hapo juu ni ya bahati. Yanafaulu au hayafaulu. Nakala ndiyo isiyotegemea bahati, nayo inahitaji mambo mawili tu: iwe kwenye kitu kingine, na kitu hicho kikae mahali pengine. Folda ya «Nakala» kwenye diski ile ile haikusaidii diski ikifa. Diski ya nje inayokaa imechomekwa muda wote itaungua kwa radi ile ile, au itafungwa na kirusi kile kile.

Kwa vichache vya thamani, hati na hesabu, Google inatoa GB 15 bure na OneDrive GB 5, na faili za maandishi hazimalizi bando. Picha na video ni nzito. Ziende kwenye diski ya nje. Mwenye Windows 10 ajue kwamba Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025, kwa hiyo mashine hiyo inahitaji nakala za karibu zaidi kuliko nyingine.

Chagua siku ambayo tayari ina kazi ya kudumu, kwa mfano Jumapili jioni au siku ya kikao cha chama. Chomeka diski, nakili folda zilizobadilika, fungua mbili tatu moja kwa moja kutoka kwenye diski ya nje kuona kama ni nzima, chomoa, iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ukiweza kupata diski ya pili, mpe ndugu anayekaa Shinyalu au Khayega, na mbadilishane kila mwisho wa mwezi: inayokwenda ina mapya, inayorudi inasubiri zamu. Kwenye kila moja bandika kikaratasi chenye tarehe ya nakala ya mwisho, kwa penseli, ili ifutike na kuandikwa tena.